Koleti za mashine ya milingi: dalili, chanzo, na namna ya kupata mbadala Arusha na Moshi

Koleti, yaani kishikio chenye mipasuo kinachobana kifaa cha kukatia kwenye mashine ya milingi (ya kuchonga chuma kwa kifaa kinachozunguka), hununuliwa kwa vipimo. Jina la mashine halitoshi, wala nchi ilikotoka, maana chaki (sehemu inayobeba koleti) iliyofungwa leo huenda ni ya tatu tangu mashine hiyo iingie karakana. Na karakana zetu za Arusha na Moshi ni mchanganyiko mtupu: milingi za Kiingereza zilizotoka viwanda vya zamani, za Kihindi, za Kichina za kuweka mezani, na za Ulaya Mashariki, kutoka enzi zile Bulgaria iliposaidia kujenga kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kule Hai. Fundi akifika dukani na maneno "nipe koleti za milingi ya Mwingereza" atauziwa chochote kilichopo rafuni.

Malalamiko yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia kwa mafundi. Kila dalili inaanza na chanzo kinachotokea zaidi na ukaguzi mwepesi. Ya kufungua mashine yamewekwa mwishoni. Koleti nyingi zinazosemwa "zimekufa" zinaponea kwenye kitambaa na mafuta ya taa, kwa hiyo pitia dalili yako kwanza kabla hujatuma pesa Dar au Nairobi.

Kabla ya kugusa chochote, shusha swichi kuu ya ukutani. Kitufe cha mashine peke yake hakitoshi. Mashine nyingi za zamani zina swichi ya kuzungusha, ambayo umeme ukikatika inabaki pale pale ilipo. TANESCO wakirudisha huku spana yako iko kwenye nati, hiyo spana itaruka. Katika ukaguzi wote unaofuata, spindo, yaani mhimili unaozunguka na kubeba chaki, inazungushwa kwa mkono. Na ukianza kukata, vua glavu.

Dalili ya 1: Koleti mpya haiingii, au inaingia lakini haikazi

Chanzo cha kwanza, na kinaacha vingine vyote mbali: umenunua koleti ya ukoo mwingine. Hapa ndipo pesa za mafundi zinapopotelea, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Toa koleti ya zamani hata kama imepasuka, ifute, kisha chukua venia (kipimio cha taya). Pima kipenyo cha sehemu yake nene kuliko zote, urefu wote, na tundu. Halafu geukia nati ya chaki: pima upana wake wa nje na nyuzi zake za ndani. Kama mashine haina nati mbele na koleti inavutwa kutoka juu kwa boliti ndefu, yaani droba, basi pima nyuzi za droba. Andika namba hizo kwenye karatasi. Hiyo karatasi ina faida kuliko picha kumi za mashine.

Koleti ikiwa fupi, ina mfuo karibu na mdomo, na mipasuo yake inapokezana, mmoja ukianzia mbele na mwingine nyuma, hiyo ni ER. Ilitoka kwa Rego-Fix ya Uswisi mwaka 1972 na sasa ni kiwango cha kimataifa, DIN 6499 au ISO 15488, hivyo koleti ya kampuni moja inakaa vizuri kwenye chaki ya kampuni nyingine. Namba yake iko karibu na kipenyo cha mwili: ER16 ina milimita 17, ER20 ina 21, ER25 ina 26, ER32 ina 33 na ER40 ina 41. Ukipima unene 33 na urefu 40, una ER32, na shida yako ni ndogo, maana ni miongoni mwa zinazopatikana kwa urahisi zaidi. Koleti ikiwa imepotea kabisa, nati itakuambia. Nyuzi za kawaida ni M22 kwa ER16, M25 kwa ER20, M32 kwa ER25, M40 kwa ER32 na M50 kwa ER40, zote zikiwa na hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.5. Angalizo: zipo pia nati nyembamba za chaki ndogo, kwa mfano ER16 yenye M19 hatua ya 1, kwa hiyo usikisie kwa macho.

Ikifanana na ER lakini ni ndefu na tepa yake (umbo la kuchongoka) inapungua polepole, shuku OZ, ya DIN 6388. Hapa watu wengi wanaumia. Koleti ya OZ25 imeandikwa 25, na ER25 nayo imeandikwa 25, ila OZ25 ina unene wa milimita 35 na urefu wa 52. Kwenye OZ namba inataja shina (mpini wa kifaa cha kukatia) kubwa linaloweza kushikwa. Kwenye ER inataja takriban unene wa koleti yenyewe, na ER25 kwa kawaida haishiki zaidi ya milimita 16. Muuzaji akikuambia "ni ya ishirini na tano tu, inaingia", mwombe aipime mbele yako.

Clarkson ni ya Kiingereza, na utaikuta kwenye karakana za vyuo na viwanda vya zamani. Koleti yake ina nyuzi ndani upande wa nyuma, na endimili zake (vifaa vya kukatia vya milingi) zina nyuzi mkiani, 20 kwa inchi. Ndani ya chaki kuna ncha inayoupokea mkia wa endimili. Ukiona nyuzi hizo, acha kutafuta ER, haitaingia. Kuhusu Clarkson nina maoni yangu: usihangaike nayo. Hata ukipata koleti iliyotumika, bado utahitaji endimili zenye nyuzi, nazo zinazidi kuadimika. Koleti ile haikuundwa kushika shina laini, kwa hiyo usilazimishe. Nunua chaki ya ER yenye tepa ya spindo yako; gharama inajirudisha kwa endimili za kawaida utakazoweza kutumia.

R8 ni ya Bridgeport ya Marekani na mashine zilizoigwa kwake Taiwan na China. Haina nati. Ni ndefu, takriban milimita 102, mwili wake wa juu umenyooka wenye kipenyo cha 24.1, ubavuni ina njia ya pini, na inavutwa na droba ya 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi. Baadhi ya mashine za Kichina zinatumia M12 badala yake. Usiichanganye na 5C, yenye mwili wa 31.75 na nyuzi za nje mkiani. Hiyo ni ya leithi (mashine ya kukereza) na ya vigawanyio.

Koleti za Morse zina tepa mwili mzima. Upande mnene, Morse 2 ina 17.78, Morse 3 ina 23.8 na Morse 4 ina 31.3. Mtego uko kwenye nyuzi za mkiani. Mashine za Kiingereza mara nyingi zina Whitworth ya nusu inchi, na koleti za siku hizi mara nyingi zina nyuzi za milimita, kama M12. Droba ya M12 inaingia kwenye tundu la nusu inchi, inazunguka raundi kadhaa huku ikicheza, inakaza kidogo, halafu siku ya kazi nzito nyuzi zinang'oka na koleti inaanguka ikiwa na endimili inayozunguka. Droba ikicheza kwenye nyuzi, usiwashe mashine. Chongesha droba mpya. Ni kazi ndogo kwa mwenye leithi.

Chanzo cha pili ni uchafu: grisi ya kuzuia kutu inayokuja na koleti mpya, au chembe ya chuma ndani ya tepa ya chaki. Safisha pande zote kwa mafuta ya taa na brashi, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi, jaribu tena.

Kwa R8 kuna chanzo cha tatu, pini ndogo iliyomo ndani ya spindo. Ikivunjika nusu, inakwaruza koleti au inaizuia isipande. Mulika kwa tochi. Kuitoa kunahitaji kufungua skrubu iliyofichwa ubavuni, na wapo mafundi wanaofanya kazi miaka bila pini hiyo kabisa. Tepa ndiyo inayobeba nguvu. Pini inazuia tu koleti isizunguke wakati wa kukaza.

Dalili ya 2: Endimili inateleza au inajishusha yenyewe

Unachonga njia ya kii kwenye shafti ya mashine ya kusaga. Umeweka kina cha milimita 4 mwanzoni, ukifika mwisho ni 5, na mkono wa mashine hujaugusa. Mizunguko ya meno ya endimili inajivuta kwenye chuma kama skrubu, na koleti imeshindwa kuizuia.

Kwanza angalia mafuta. Tundu la koleti na shina la endimili vinatakiwa vikavu kabisa. Tepa ya nje ikiwa na utando mwembamba wa mafuta si kosa, lakini ndani hapana. Vumbi letu la kiangazi likichanganyika na oili linakuwa uji unaosaga chuma taratibu, nao ukikauka kwenye mipasuo unaizuia koleti kufunga sawasawa. Pitisha kipande cha plastiki chembamba au brashi kwenye kila mpasuo.

Pili, ukubwa. Koleti ya ER inaandikwa kwa mipaka, mfano 13–12, na kipenyo cha juu ndicho inachokishika vizuri zaidi. Endimili ya milimita 12 ikifungwa kwenye koleti ya 13–12 iko kwenye mpaka wa chini kabisa, inashikwa kwa kingo tu. Yake ni 12–11. Kwa vifaa vya inchi hesabu ni hii: robo inchi ni 6.35, inakaa kwenye 7–6. Tatu ya nane ni 9.53, inakaa kwenye 10–9. Nusu ni 12.7, inakaa kwenye 13–12. Tano ya nane ni 15.88, inakaa kwenye 16–15. Robo tatu ndiyo korofi. Ni 19.05, yaani chini kabisa ya 20–19. Ukiitumia mara kwa mara, tafuta koleti iliyochongwa kwa robo tatu kamili.

OZ ni nyeti zaidi, nusu milimita tu ndiyo inayoruhusiwa. Koleti za R8 na Morse hazina nafasi ya kusemwa: 12 ni ya 12.

Tatu, kukaza. Nati ya ER32 ya kawaida inahitaji takriban niutoni mita 136. Kwa spana yenye mpini wa sentimita 30, hiyo ni kuvuta kama kilo 46, ambayo si mchezo. ER25 inahitaji kama 104, ER20 kama 80, ER16 kama 56. Wengi wanakaza ER32 kwa mkono mmoja wakiwa wamesimama vibaya, halafu wanalaumu koleti. Kinyume chake, kuongeza bomba kwenye mpini wa spana ya ER16 kunaipinda koleti na kuua nyuzi za chaki.

Nne, shina halijaingia vya kutosha. Lijaze angalau theluthi mbili ya urefu wa koleti. Likiingia nchani tu, koleti inafunga mbele na kubaki wazi nyuma, ikifanya hivyo mara nyingi inabaki na umbo hilo daima.

Tano ndiyo koleti iliyochakaa yenyewe. Paka wino wa maka peni kwenye shina jipya, lifunge, lilegeze, lichomoe bila kulizungusha. Wino ukiwa umeguswa mdomoni na mkiani huku wa katikati haujaguswa, au umeguswa upande mmoja tu, koleti imepanuka na haitengenezeki. Usiifinye kwenye jiliwa, na usiichome moto ukidhani utairudishia uspringi wake.

Mwisho, kazi yenyewe inaweza kuwa nzito kupita koleti. Kwa kukomba chuma kingi, shina lenye bapa linalobanwa na skrubu ya pembeni linashinda koleti yoyote, kwa sababu haliwezi kuteleza. Shikio la aina hiyo linaweza kuchongwa hapa hapa.

Simama endapo shina lililoteleza limekwaruzwa na kuwa na rangi ya bluu. Endimili hiyo isirudi kwenye koleti nzima. Na kamwe usiibane endimili kwenye chaki ya drili: chaki hiyo inashikiliwa na tepa isiyo na droba, nguvu ya pembeni inaitoa.

Dalili ya 3: Endimili inayumba, uso unatoka na mistari, meno yanaisha upande mmoja

Chanzo kikuu kwa wenye ER ni namna ya kufunga, na hakionekani mpaka mtu akuoneshe. Koleti haiwekwi kwenye chaki kwanza. Inawekwa kwenye nati. Ndani ya nati kuna mdomo usio katikati. Ilaze koleti kwa pembe, uingize mfuo wake chini ya mdomo huo, kisha uinyooshe mpaka ilie "ta". Ikilia, imeshikwa na nati, haianguki hata ukiigeuza. Hapo ndipo unaingiza endimili na kufunga vyote kwenye chaki. Ukiitupa koleti ndani ya chaki na kufunika nati juu, mdomo ule unaikandamiza upande mmoja: inakaa kombo, na kingo za mfuo zinameguka. Kagua mfuo wa koleti yako ya zamani. Ukiwa umeliwa upande mmoja, sababu umeijua.

Baada ya hapo ni usafi tena, tepa ya chaki na tepa ya spindo. Pitisha kidole safi ndani ya spindo ikiwa imesimama na swichi kuu iko chini. Kidole kinahisi kigongo ambacho jicho halioni.

Sasa toa dayo geji (kipimio cha sindano). Anza ndani ya tepa ya spindo, bila chaki. Zungusha kwa mkono. Sindano ikicheza zaidi ya milimita 0.01 hapo, koleti mpya haitakusaidia, tatizo liko juu yake. Spindo ikiwa safi, funga chaki, koleti, na kipande cha chuma kilichonyooka kama silva stili au shina la kabaidi. Pima karibu na nati, kisha kama milimita 40 chini yake. Koleti ya kawaida ya ER ikiwa mpya inaruhusiwa kuyumba kwa takriban 0.015 mpaka 0.02 huko chini. Ukipata 0.05 na unatumia endimili ndogo, jino moja linafanya kazi ya yote.

Ukiwa na namba mbaya, weka alama ya maka peni mahali sindano inapopanda zaidi. Legeza, geuza koleti na nati nusu mzunguko, kaza tena, pima. Kilele kikihama na koleti, koleti ni mbovu. Kikibaki pale pale upande wa spindo, kosa ni la chaki. Kipimo hicho hakihitaji zaidi ya robo saa na kinaokoa gharama ya seti nzima, lakini sijui kwa nini wengi wanakiruka na kwenda moja kwa moja kuagiza.

Kosa likiwa kwenye chaki, geuza chaki yenyewe nusu mzunguko ndani ya spindo urudie. Kwa njia hiyo unatenga kipande kimoja kimoja.

Simama na umwite fundi wa mashine ukikuta haya: tepa ya spindo ina mikwaruzo mirefu, spindo inacheza ukiisukuma kwa mkono juu na chini, au kichwa kinapata joto lisiloshikika na kuna mlio wa kusaga. Mawili ya mwisho ni beringi. Usiingize msasa kwenye tepa ya spindo kwa namna yoyote. Ukiondoa mahali pamoja tu umeharibu pote. Kigongo kimoja kinaweza kupunguzwa na mtu anayejua, kwa jiwe laini, lakini tepa iliyoliwa inasagwa kwa mashine maalumu ikiwa palepale. Ulizia TEMDO (shirika la usanifu wa mitambo, Arusha) au Chuo cha Ufundi Arusha kama wana kifaa au mtu wa kuifanya kabla ya kuvunja kichwa cha mashine.

Dalili ya 4: Koleti imekwama, haitoki

Kwa ER, mara nyingi haijakwama. Nati ikilegea inazunguka kwa wepesi kidogo, halafu inakaza tena. Hapo mtu anaacha na kutafuta nyundo. Ule ukazo wa pili ndio nati inaivuta koleti nje ya tepa kwa mdomo wake. Endelea kuzungusha kwa spana, itachomoka. Kama haikai kwenye nati baada ya kutoka, basi haikuwekwa sawasawa tangu mwanzo, rudi dalili ya 3.

Koleti ya Morse au R8 inahitaji droba ilegezwe raundi mbili hivi tu, nyuzi nyingi zikiwa bado zimeshikana, kisha igongwe kichwani kwa nyundo ya shaba. Ukiifungua mpaka zibaki nyuzi mbili, pigo linang'oa hizo mbili. Baadhi ya mashine zina kola inayoifanya droba isukume koleti yenyewe ikifunguliwa, hizo hazigongwi.

Morse inakwama vibaya ukiingiza kifaa baridi kwenye spindo iliyopata joto kwa kazi ya siku nzima. Spindo inapoa usiku, inajikaza, na asubuhi ya Julai hapa Arusha unakuta imeshika kama imechomelewa. Washa mashine izunguke bila mzigo mpaka kichwa kipate joto tena, zima kwenye swichi kuu, ndipo ugonge. Jioni toa koleti spindoni.

Simama baada ya mapigo machache ya wastani. Kila pigo linapita kwenye beringi za spindo. Usitumie moto wa gesi.

Dalili ya 5: Koleti inapasuka au ulimi (kipande kati ya mipasuo) unakatika

Ni moja kati ya mawili: imekazwa ikiwa tupu, au imelazimishwa kufunga shina dogo kuliko mpaka wake. Kukaza ER bila kifaa ndani ni kuiua kabisa, hata mara moja inatosha. Koleti za bei ya chini sana zenye chuma kigumu kisicho na uspringi nazo hupasuka, lakini ni mara chache kuliko makosa hayo mawili. Koleti iliyopasuka itupwe. Kuichomelea ni kutengeneza kombora.

Kupata mbadala

Maduka mengi ya Arusha na Moshi yamejaa spea za magari na vifaa vya ujenzi. Koleti ni ya kuagiza. Njia ni Dar, upande wa Kariakoo na Gerezani, au Nairobi kupitia Namanga, au kuagiza China. Kwa Nairobi, chukua risiti halali na upitishe mzigo kwa TRA mpakani, usimwachie dereva ajue mwenyewe.

Unapomtumia muuzaji picha, venia iwe imeshika koleti na namba zionekane. Tuma na picha ya nati ikipimwa. Kama ni ya Morse au R8, taja nyuzi za droba kwa namba, kisha mwombe naye akutumie picha ya venia ikiwa kwenye koleti anayokuuzia. Asiyekubali kupima, nenda kwa mwingine.

Kuhusu kununua seti: seti ya ER32 ya 3 mpaka 20 inapendeza kwenye boksi, lakini nusu yake haitatoka. Mashina ya endimili za milimita kwa kawaida ni 6, 8, 10, 12, 16 na 20. Nunua hizo sita zenye ubora mzuri, ongeza 13–12 kwa ajili ya nusu inchi, na pesa inayobaki nunua nati nzuri. Nati mbovu inayumbisha koleti nzima.

Ukihitaji ukubwa mmoja tu kwa kazi moja na huwezi kusubiri, mwenye leithi anaweza kukuchongea koleti ya saizi moja kwa chuma cha kaboni ya wastani. Tepa ya ER ni digrii 8 kwa kila upande, tundu litobolewe na kupanuliwa kwa kisu cha leithi bila kutoa kipande kwenye chaki ya leithi, mipasuo ikatwe mwisho. Itumie kwa kazi nyepesi na mwendo mdogo, kwa shina la saizi ile ile kamili. Kwa Morse ni rahisi zaidi kuchonga shikio la skrubu ya pembeni.

Mzigo ukifika kwa basi, usiondoke nao bila kuupima kama stendi inaruhusu. Unene na urefu kwanza, kisha tundu. Karakanani ioshe grisi yote, isikie ikilia kwenye nati, funga silva stili, weka dayo geji. Ikizidi 0.03 kwenye milimita 40 huku chaki uliishaikagua, piga picha ya sindano katika kilele na bondeni, umtumie muuzaji siku hiyo hiyo kabla koleti haijagusa kazi, maana ikishakwaruzwa hakuna atakayeipokea.